Unataka Kupea Kampuni Lori Yako? Soma Hii Kabla Upeane Funguo

Tuseme umejipanga. Umeuza ng'ombe za ocha, umechukua mkopo, mathee ametoa akiba yake ya chama, na sasa uko na lori. Si Canter ya kuhamisha sofa, ni kichwa na trela, ile ya kupasua Mombasa Road usiku.

Shida inabaki moja: mzigo. Kule bandarini hakuna mtu anajua jina lako. Wenye mizigo mikubwa hawapendi kuongea na msee wa lori moja, wanataka kampuni yenye magari mengi, bima na makaratasi. Kwa hivyo unatafuta kampuni, unaweka lori yako chini yao, wao wanatafuta mzigo, wewe unaendesha ama unaweka dere, halafu mnagawana doh.

Hiyo form si mbaya. Kuna wasee wengi wameanza na lori moja hivyo na leo wako na nne. Lakini kuna kitu lazima ukishike mapema: kampuni inachukua lori yako, haichukui shida zako. Mkopo uko kwa jina lako. Logibuku iko kwa jina lako. Tairi ikipasuka Mtito Andei, ni yako. Kampuni ikichelewa kulipa, benki haitakuuliza mbona, itatuma madalali tu.

Ndiyo maana kabla upeane funguo, lazima uchunguze hiyo kampuni vile mzazi anachunguza familia ya mtu anayetaka kuoa msichana wake. Na mambo ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu ofisi nyingi za kukusaidia ziko mahali pamoja: Upper Hill.

Kwanza, ofisi smati si ushahidi

Wasee wengi huchezwa hapa. Kampuni inakuita kwa mkutano Upper Hill, ghorofa ya juu, vioo kila mahali, unaona Britam Tower dirishani, unaletewa kahawa. Ukishuka na lifti umeshasadiki, uko tayari kutia sahihi kitu chochote.

Tulia. Kwa hiki kilima kuna benki kubwa, bima, ubalozi na mashirika ya kimataifa, lakini pia kuna ofisi za kukodi kwa mwezi, kwa siku, hata kwa saa. Unalipia meza, unapata anwani tamu na msichana wa mapokezi anayesema jina lolote utakalomwambia aseme. Anwani haijawahi kulipia mtu dizeli.

Swali la maana ni hili: magari yao yanalala wapi? Kampuni ya malori bila yadi ni kama mkahawa bila jikoni. Waambie unataka kuona yadi, iwe Mlolongo, Athi River, Embakasi ama Mombasa. Wakianza hadithi mingi, ushapata jibu.

1. Jua kampuni ni ya nani

Ingia eCitizen, kwa huduma za Business Registration Service, uombe CR12 ya hiyo kampuni. Hii ni karatasi rasmi ya msajili wa makampuni. Inaonyesha wakurugenzi ni nani, hisa ziko na nani, na kampuni iliandikishwa lini. Gharama ni ndogo, haifiki hata pesa ya kujaza mafuta kwa nduthi ya mtaa siku chache.

Angalia vitu vitatu. Moja, yule "mkurugenzi" uliyekutana naye, jina lake liko? Kama haliko, anatia sahihi mkataba kwa nguvu za nani? Mbili, tarehe. Kama wanajigamba wako barabarani miaka 15 na kampuni iliandikishwa mwaka jana, uliza miaka 14 iliendea wapi. Inawezekana kampuni ya zamani ilikufa na madeni, mpya ikazaliwa na jina linalofanana. Tatu, jina kamili. Jina la kwenye kadi ya biashara na jina la kwenye mkataba lazima liwe lilelile, hadi herufi ya mwisho.

2. Malori wanayosema ni yao

Makao makuu ya NTSA yako hapo Upper Hill, 2nd Ngong Avenue, lakini hii huhitaji hata kupiga foleni. Kwa tovuti ya NTSA kupitia eCitizen unaweza kuomba rekodi ya gari kwa kutumia nambari pleti. Kampuni ikikuonyesha picha za malori 30 na kusema "hizi zote ni zetu", chagua pleti mbili tatu, lipia, uone mwenyewe ni nani.

Ukipata magari ni ya watu wengine, hiyo peke yake si kosa. Inamaanisha kuna wenye malori kama wewe, na kampuni inatafutia wote mzigo. Kosa ni kudanganywa. Msee anayekudanganya kwa kitu unaweza kukagua na simu, atakufanyia nini kwa kitu huwezi kukagua?

Na ukiwa hapo kwa mambo ya NTSA, shika hii: usihamishe logibuku kwa jina la kampuni eti "ndio upate mzigo haraka". Kutumia lori ni mkataba. Kuhamisha logibuku ni kupeana lori. Kampuni ikikosana na benki yake, lori iliyo kwa jina lake ni mali yake, na kilio chako kitakuwa cha mtu aliyetia sahihi mwenyewe.

3. KRA inajua mengi

Kwa iTax kuna sehemu ya kukagua kama PIN ni halali, na kama cheti cha ulipaji kodi ni cha kweli. Ni bure. Omba kampuni PIN na hicho cheti, kisha ukague mwenyewe. Usiridhike na fotokopi, siku hizi kila mtu ako na mtu wa kuchapa karatasi River Road.

Kitu kingine ni eTIMS. Tangu Januari 2024, kwa kawaida biashara haiwezi kutoa gharama kwenye hesabu ya kodi kama haina invoisi ya eTIMS. Kampuni serious itakudai hiyo invoisi kila tripu, hadi ukasirike. Kampuni inayokuambia "achana na hiyo, tutakutumia tu kwa M-Pesa" haikusaidii. Inakuacha bila karatasi ya kuonyesha kwamba ulifanya kazi na unadai.

4. Piga raundi ya korti

Milimani Law Courts iko hapo Upper Hill, na kesi nyingi za biashara Nairobi huishia hapo. Lakini usianze na korti, anza na tovuti ya Kenya Law. Hukumu za korti zinawekwa huko na kusoma ni bure. Andika jina la kampuni, kisha majina ya wakurugenzi uliyoyapata kwa CR12.

Ukiona kesi moja mbili usitoroke. Kampuni yoyote kubwa ya barabara itakuwa na kesi za ajali. Tafuta mtindo. Kama ni madere watano tofauti wanadai mshahara, wenye malori watatu wanadai pesa za tripu, na muuza dizeli anadai mafuta, hiyo si bahati mbaya. Hiyo ndiyo biashara yao.

5. Bima: ni ya nani na inafunika nini?

Bima ya lori yako inafunika lori. Haifunikii mzigo. Ukiangusha kontena ya vifaa vya umeme pale Salgaa, mwenye mzigo atadai mtu, na huyo mtu asiwe wewe. Mzigo uko na bima yake ya safarini. Uliza kampuni: iko? Ni ya pesa ngapi? Lori yangu imetajwa humo? Kisha pigia kampuni ya bima yenyewe, kwa namba uliyotafuta wewe, wakuthibitishie.

Halafu kagua kama hiyo kampuni ya bima iko sawa. Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, iko Zep-Re Place, Longonot Road, hapo hapo Upper Hill, na huchapisha orodha ya kampuni zilizo na leseni. Usidharau hii hatua. Resolution iliwekwa chini ya usimamizi 2022, Xplico ikafuata 2023, na wenye magari waliokuwa na stika zao walibaki wakijiuliza nani atalipa.

6. Mzigo unatoka wapi?

Hili ndilo swali kubwa na wasee wengi hawaliulizi. Je, kampuni iko na mkataba wa moja kwa moja na mwenye mzigo, kama kiwanda cha simiti, chuma au unga? Ama inaupata kwa broka, aliyeupata kwa broka mwingine, aliyeupata kwa ajenti wa Mombasa? Kila mkono unakula kitu, na wa mwisho kula ni wewe. Mbaya zaidi, mkono mmoja ukikwama, pesa inakwama hapo.

Omba kuona makaratasi ya mizigo ya miezi 3 iliyopita. Wanaweza kuficha bei, hiyo ni siri yao, lakini tarehe na njia zionekane. Miezi mitatu yenye tripu nne ni njaa.

Uliza pia kitatokea nini serikali ikibadilisha mchezo. Agosti 2019 ilitolewa amri kwamba mizigo inayotoka nje kwenda Nairobi na zaidi ibebwe na reli ya SGR. Watu wa Mombasa waliandamana, amri ikasimamishwa, mambo yakaenda hadi kortini. Septemba 2022, Rais William Ruto alipoapishwa akatangaza kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Msee aliyekuwa na mteja mmoja tu wa kontena za bandari aliishi roho mkononi muda huo wote. Kampuni iliyo na mizigo ya aina tofauti inakupa usingizi.

Kisha kuna mzigo wenyewe. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu gari lililobeba magendo kutaifishwa. Gari, si mzigo peke yake. Mzigo wa kupita kwenda Uganda, Rwanda ama Congo unafungwa kufuli ya kielektroniki na KRA inaufuata njiani. Kama kampuni ina mazoea ya kucheza na hizo kufuli, lori ya kulala yadi ya KRA ni yako.

7. Ongea na madere, si mabosi

Bosi atakupa majina ya wenye malori wawili wanaomsifu. Sawa, waongeleshe. Lakini tafuta pia mmoja aliyetoka. Huyo ndiye atakuambia vile kutoka kulikuwa.

Halafu nenda mahali malori hulala: Mlolongo, Mariakani, Maai Mahiu, Salgaa, foleni ya Malaba. Tafuta lori yenye jina la hiyo kampuni, mnunulie dere chai na chapo, muulize polepole. Wanalipa lini? Pesa ya njiani hutoka kabla ya safari ama unadai ukirudi? Ukikwama mpakani siku nne, nani hulisha nani? Mzigo ukizidi, nani hulipa? Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya 2016 imeweka mwisho wa lori na mzigo wake tani 56, na mizani ya Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye haina urafiki. Dere atakuambia kama kampuni hupakia sawa ama huwaambia "nyinyi endeni tu, mtajipanga".

Dere ambaye hajalipwa miezi miwili hawezi kukuficha. Hata akijaribu, uso wake utasema.

8. Sasa piga hesabu ya siku 60

Mambo ndiyo haya. Chukua kalamu. Namba ni za mfano, weka zako.

Tuseme tripu ya Mombasa kuja Nairobi inalipa 100,000. Kampuni inakata asilimia 10, unabaki na 90,000. Umbali ni karibu kilomita 480. Lori ikiwa imejaa inaenda kilomita 2 kwa lita, ikirudi tupu kilomita 3. Hiyo ni lita 240 kuja na lita 160 kurudi, jumla 400. Dizeli ikiwa 170 kwa lita, umechoma 68,000. Unabaki na 22,000, na bado hujalipa dere, tairi, sevisi wala mkopo.

Tayari hapo unaona ni kubaya kidogo. Ngoja sasa. Kampuni inasema inalipa baada ya siku 60. Unafanya tripu 6 kwa mwezi. Kabla senti ya kwanza iingie, umefanya tripu 12. Dizeli peke yake umetoa 816,000 kutoka mfuko wako. Nao wanakudai? Hapana, wewe ndiye unawadai: 1,080,000.

Soma hiyo mara mbili. Umekuja kutafuta kazi, lakini umegeuka benki ya kampuni. Umewakopesha zaidi ya milioni moja, bila riba, bila dhamana, na pesa yenyewe wewe uliikopa.

Na sasa angalia sheria. Korti ya madai madogo ilianza Milimani Aprili 2021. Unaweza kwenda bila wakili, na kesi inafaa kuisha ndani ya siku 60. Ni kitu poa sana kwa msee wa lori moja. Lakini mwisho wake ni shilingi milioni moja. Deni lako la 1,080,000 limeshapita hapo. Ukitaka yote, unaenda korti kubwa, na wakili, na subira.

Kwa hivyo amua mapema: deni likifika kiasi fulani, lori inalala. Tuseme 400,000. Iandike kwenye mkataba kwamba wakipitisha hapo una ruhusa ya kusimamisha kazi bila faini. Na upiganie mafuta yatolewe mbele. Kampuni inayolipa dizeli kabla ya safari imeweka pesa yake kwenye hatari pamoja na yako.

9. Hata kampuni halali huanguka

Usidhani hatari ni wakora peke yao. Sendy ilianzishwa hapa Nairobi mwaka wa 2014, ikaunganisha wenye pikipiki, pikapu na malori na watu wenye mizigo. Januari 2020 ilitangaza imepata dola milioni 20 kutoka kwa wawekezaji, Toyota Tsusho wakiwa ndani. Jina kubwa, apu nzuri, kila kitu fiti. Agosti 2023 ikasimamisha kazi, na mwaka huo huo ikawekwa mikononi mwa msimamizi wa ufilisi.

Kampuni ikifika hapo, sheria ya ufilisi ya 2015 inakuzuia kuishtaki bila ruhusa ya msimamizi ama korti. Unapanga foleni. Mbele yako kuna benki zilizo na dhamana, kuna wafanyakazi, kuna KRA. Wewe wa invoisi tu uko nyuma, unangoja kitakachobaki. Ndiyo maana kinga yako ya kweli ni kuhakikisha hawakudai pesa nyingi siku moja yoyote, hata wakiwa watu wazuri aje.

10. Mkataba, na vitu vya kukataa

Chukua mkataba uende nao nyumbani. Wakikataa utoke nao, toka bila wao. Tafuta wakili ausome hata kama atakula elfu chache, ni rahisi kuliko tairi moja.

Hakikisha umeandikwa: malipo ni siku ngapi na kuanzia lini, wanakata nini na nini, faini ya mizani ni ya nani, siku za kungoja mpakani zinalipwa vipi, na unatoka ukipeana notisi ya siku ngapi. Notisi ya siku 30 ni sawa. Notisi ya miezi sita na huku huruhusiwi kubebea mtu mwingine ni jela.

Na ukiona haya, hepa:

- Wanataka "pesa ya kujiunga" kabla hujaona mzigo hata mmoja.
- Wanataka logibuku halisi "tukuwekee".
- Wanataka uweke akiba kwa mfuko wao wa wenye malori. Anayekusanya akiba za watu anafaa kuwa na leseni. SASRA, wanaosimamia Sacco, wako UAP Old Mutual Tower hapo Upper Hill, na orodha ya walio na leseni iko wazi.
- Wanakuharakisha. "Nafasi imebaki moja, amua leo." Mzigo wa kweli utakuwepo hata wiki ijayo.

Hii kazi yote inaweza kukula siku tatu na pesa ya chakula cha jioni moja Westlands. Utapoteza tripu moja, labda mbili. Benki inakudai kwa miaka minne.

Na ukimaliza yote na kampuni ikatoka safi, usiwape roho yote siku ya kwanza. Anza na mwezi mmoja wa majaribio, tripu chache, uone kama pesa inaingia siku waliyosema. Ikiingia, endelea. Ikichelewa mara ya kwanza, uliza. Ikichelewa mara ya pili, funguo ni zako, washa lori uondoke ukiwa bado uko na dizeli ya kukufikisha nyumbani.